Kichwa cha Msusi

Kinyozi hajinyoi, na msusi mmoja aliyekuwa akiishi mji wa ugenini alilijua hilo kuliko wengi. Kutwa vichwa vya watu vilipita mikononi mwake vikitoka vimependeza, chake kikabaki chini ya kitambaa. Huko hakuwa na dada wala jirani wa kukaa miguuni pake akasukwa. Kila mama yake, aliyekuwa akiugua, alipopiga simu ya kuonana, msusi alisingizia mtandao mbovu akazima kamera. Alijua mama akikiona kichwa kile kilivyotimka ataelewa kwamba mwanawe yuko peke yake, na uchungu huo ungemmaliza kabla ya maradhi.

Jumamosi moja akaingia saluni mama mnene, mpishi wa nyumba za watu, begi mkononi. Akaonyesha kwa vidole mtindo anaoutaka, akakaa. Msusi alipovuta msuko wa kwanza, mgeni akaruka.

"Mungu wangu! Taratibu, dada, kichwa hiki si gunia!"

Chanuo likamponyoka msusi. "Kumbe wasema Kiswahili?"

"Ukinivuta hivyo hata bubu atasema."

Walicheka mpaka mwenye saluni akawatolea macho. Basi mikono ikaenda na maneno yakaenda: watoto, magoti yanayouma, waajiri wanaohesabu mayai jikoni. Mkataba wa mpishi ulikuwa umekwisha, anarudi kwao siku hiyo hiyo. Alipojitazama kiooni akaridhika, akamgeukia mwenzake.

"Nawe, mbona umejifunika kama mwenye surua?"

Msusi akamweleza habari za mama yake. Mpishi hakusema pole. Alikaa kwenye kiti, akapanua magoti, akapiga paja.

"Kaa hapa chini."

"Ndege itakuacha, dada'angu."

"Iniache, lakini wewe umesukwa. Kaa!"

Mikono yake ilikuwa ya kukanda unga, si ya kusuka. Lakini msusi alipokilaza kichwa kwenye goti lile machozi yalimtoka, na mpishi, Mungu ambariki, akajifanya hayaoni. Wakaagana mlangoni mbio mbio, teksi ikipiga honi.

Jioni ile msusi ndiye aliyepiga simu, kamera wazi. Mama alimkodolea macho, kisha akacheka hadi akakohoa.

"Mistari imepinda kama njia ya panya! Nani kakufanyia hivi?"

"Rafiki yangu, mama."

"Mungu ampe heri. Msalimie sana, mwambie aje nimfundishe."

"Zitafika, mama," akajibu, wala hakuwahi kumuuliza yule mpishi jina lake.