Yai la Tou

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, kwa miezi mitano niliamini kwamba nimemuua mtu kwa kula yai.

Tuliishi Dubai. Baba alifanya kazi katika ghala la mizigo karibu na uwanja wa ndege, na rafiki yake kazini alikuwa Bwana Chue, Mhmong, mtu wa kabila la milima ya Laos, aliyekulia Marekani. Wahmong wa Ghuba nzima wangetosha basi moja dogo, lakini kila sikukuu ya taifa mwezi wa Disemba, ofisi zikifungwa, walikodi nyumba ya shamba kule Hatta wakasherehekea mwaka wao mpya. Mwaka huo walitualika.

Mama, mtu wa Mombasa, hakuenda popote bila kikapu chake. Njiani akanipa amri: "Nyama usiguse, hatujui imechinjwaje. Wali na mayai kula, hayana neno." Na bado alifunga chapati na mayai ya kuchemsha, kwa tahadhari.

Sherehe ilinipendeza. Wasichana walivaa sketi za mikunjo na mishipi ya sarafu iliyolia walipotembea, wakirushiana mipira laini na wavulana. Kulikuwa na wali wa kunata wa rangi ya zambarau, na papai bichi lililotwangwa kwa pilipili hadi baba akatokwa machozi. Lakini mimi njaa ilinishika kabla ya chakula kupakuliwa. Juu ya meza ya mlangoni niliona bakuli la wali na mayai manane ya kuchemsha, moja limesimamishwa katikati. Nikalichukua hilo. Nilipolimenya lilikuwa na shimo ubavuni, kana kwamba limebonyezwa kwa kidole gumba. Nikalila upesi.

Mama aliniona nikimalizia. Palepale Bwana Chue, ameipa meza mgongo, akawa anatueleza habari za bakuli. Kila yai ni la mtu mmoja wa nyumba yao. Mama yake, Bibi Yer, angesimama mlangoni aziite roho zao zirudi nyumbani, kisha mayai yamenywe na kusomwa. Likiwa laini, mwenyewe yu salama. Likiwa na shimo, roho yake imepotea. La katikati lilikuwa la Tou, mdogo wake, askari wa Marekani aliyekuwa vitani Iraki.

Mama aliinama kikapuni, akapita mezani kama anayetafuta kijiko, akasimamisha yai letu katikati ya bakuli. Nilipofungua kinywa nimwambie kuhusu lile shimo, akanibana mkono.

"Nyamaza. Khalas, yamekwisha."

Bibi Yer aliita kwa muda mrefu, kwa sauti ya kuimba, akiitazama barabara. Yai la Tou alilimenya mwisho. Lilikuwa jeupe na laini kila upande. Yule bibi akakaa kizingitini akalia, mkono kinywani.

"Amefurahi," Bwana Chue akatuambia. "Anasema leo atalala."

Mimi ndiye niliyekosa usingizi: roho ya Tou ilikuwa imepotea, nami nilikuwa nimelila yai ambalo lingewaonya waiite tena. Mama alijua nimekula yai, hakujua nimeona nini ndani ya ganda, nami sikuthubutu kumwambia, maana aliamini ameshatengeneza mambo. Simu ya nyumbani ikilia nilikimbilia chooni nisisikie. Kila usiku nilimsomea Ayatul Kursi mtu ambaye hata sura yake sikuijua.

Mwezi wa tano Tou akaja Dubai kumwona mama yake, wakamleta kwetu kula mahamri. Alikuwa kijana mwembamba, mwenye haya na masikio makubwa. Nililia hata mama akanituma nikanawe uso, akawaambia wageni kwamba nina usingizi.

Siku hizi nachemsha mayai kila asubuhi, na najua mashimo hayo ni hewa tu. Mwaka jana nilimsimulia mama kisa chote. Alikuwa akichagua mchele, akasimamisha mikono.

"Mimi nilidanganya ili mama wa watu apate usingizi," akasema. "Kumbe nimemnyima mtoto wangu. Miezi mitano yote, mwanangu?"

Nikamtazama, mzee sasa, sinia mapajani. Nikamwambia si yote, ni siku mbili tatu tu, kisha nikasahau. Nilimdanganya, na hapo ndipo nilipomwelewa.