Unga Uliokunywa Gesi

Zipora alifundisha fizikia sekondari kwa miaka mingi kabla hajarudi chuoni kusomea shahada ya uzamivu. Utafiti wake ulihusu haidrojeni: kuitoa kwenye maji kwa umeme wa jua, kisha kuihifadhi ndani ya unga wa chuma mpaka itakapohitajika. Gesi yenyewe ilimtii. Unga ndio uliomgomea. Aliupasha moto, akauondolea hewa yote, akaufungulia gesi. Ukakaa tu kama mchanga wa korongoni, hata akaanza kufikiria kuacha.

Msimu ule baba yake, mzee Eliakimu, alikuwa ametoka kijijini Haneti kuja mjini kutibiwa macho, wakawa wanaishi pamoja mtaa wa Miyuji. Mchana, upepo ukivurumisha vumbi na mabati yakinong'ona, Zipora alisinzia kitini akaiona ile gesi ikija kama kundi la ng'ombe weupe wasio na uzito, wakinusa mlango wa zizi kisha wakigeuka. Alipomsimulia mzee, mzee alisikiliza kama mtu anayeelekezwa njia.

Jumamosi moja mzee alisema amechoka kuongea na kuta, basi Zipora akamchukua hadi maabara ya chuo, akamkalisha karibu na mtungi wenye ule unga. Akafungua valvu ya gesi kama alivyofanya mara nyingi. Punde mshale wa kipimo cha presha ya gesi ukaanza kushuka. Zipora aliamini gesi inavuja. Akapaka maji ya sabuni kwenye kila kiungo, akasubiri mapovu. Hayakutokea. Mshale uliendelea kushuka taratibu, bila haraka yoyote.

Akaweka kiganja juu ya mtungi. Ulikuwa na joto, na hakuna aliyeupasha moto.

Aliushika mkono wa baba yake, akauweka palepale.

"Kuna kiumbe humu?" mzee aliuliza.

"Hapana, baba. Ni gesi inaingia ndani ya chuma. Ikiingia, chuma kinapata joto."

Vidole vya mzee vilipapasa mtungi.

"Basi usiisumbue," alisema kwa sauti ya chini. "Iache ishibe."

Wakakaa hivyo, mikono yao miwili juu ya chuma, mchana ukipita nje kama usiowahusu. Alasiri Zipora aliifungulia gesi itoke. Mtungi ukapoa hata ukatoa jasho, na taa ndogo aliyoiunganisha na kifaa cha kugeuza gesi hiyo kuwa umeme ikawaka. Mzee hakuiona; akaomba aambiwe rangi yake. Zipora akasema ni kama maziwa yaliyoanza kuganda.

Kazi haikuishia hapo. Unga ule ulichoka baada ya kujazwa mara kadhaa, ikabidi atafute mchanganyiko mwingine, na msimamizi wake akamrudishia sura nzima ya tasnifu aiandike upya. Lakini hakuwahi tena kufikiria kuacha. Shahada aliipata, akaajiriwa chuoni. Mwaka huo alikwenda Haneti wakati wa mavuno, akamkuta mzee, jicho moja likiwa limepona, anapura mtama mwenyewe.