Tambi za Pakiti kwenye Sinia la Bibi

Pakiti ya tambi ikipasuliwa hutoa mlio mkavu wa haraka. Kila nikiusikia namkumbuka Bibi, mama yake mama yangu, aliyetutoka mwaka huu.

Tulikuwa tukiishi ng'ambo kwa Waarabu, mtaa wa Wadi Kabir, juu ya gereji. Mama alifanya kazi ofisini, mtaa wa Khuwair, na kurudi jioni, kwa hiyo mchana tulikuwa na Bibi. Yeye aliondoka Unguja akiwa msichana, lakini mapishi yake yalibaki ya kule kule. Akipika muhogo wa nazi na samaki wa kukaanga, akapakua kwenye sinia moja, akakaa mkekani, asiguse kitu mpaka aone mikono mingine. "Sinia la mtu mmoja ni sinia la mgonjwa," alikuwa akisema.

Mikono ikaanza kupungua. Mimi na kaka yangu Suleiman tukirudi kutoka skuli tulitaka tambi za pakiti, zile za pilipili, kila mtu na bakuli lake mbele ya televisheni. Bibi alikula matonge machache, akafunika sinia kwa kawa. Akakonda. Mama alidhani ni sukari, akampeleka kupimwa. Hakuonekana na ugonjwa.

Siku moja tukakuta tambi zetu ziko kwenye sinia. Bibi amezipika anavyojua yeye, kama tambi za Idi, kwa tui, sukari na iliki. Vile vifuko vya pilipili amevitupa.

Suleiman akaonja, akakunja uso. "Bibi, hizi haziliwi na sukari."

"Tambi ni tambi. Nyie mwazila na dawa ya panya."

"Basi zile mwenyewe."

Bibi aliondoa sinia.

Kesho yake akamwita Suleiman jikoni. "Njoo unfunze hiyo dawa yenu. Nna hamu nayo leo."

Suleiman akapika, akamimina pilipili yote. Bibi aliomba jambo moja tu, zipakuliwe kwenye sinia. Tukakaa watatu. Pilipili ikamtoa machozi na kamasi.

"Umeshindwa, Bibi," Suleiman akacheka.

"Sijashindwa mie. Sogeza huku."

Tangu hapo tukawa tunakula hivyo karibu kila mchana, akanawiri tena, nami nikaamini tumemfunza kula cha dukani.

Baada ya khitma yake, tukiosha vyombo, Mama akaniambia kuwa Bibi hakuzipenda tambi zile hata mara moja. Zilimtia kiungulia. Akichovya vidole na kuramba, basi. Sisi tukishanyanyuka, alikwenda jikoni kula muhogo aliojiwekea, amesimama. Mwenyewe Bibi alimweleza Mama, akamkataza asituambie.

Nikaendelea kusuuza sufuria. Miaka yote ile nilijua kuwa Bibi alikuwa akila nasi. Kumbe alikuwa akikaa nasi tu. Kula, alikula peke yake.