Mama Mkwe na Lami ya Malaba

Siku Oluka alipomwona Asio kwa mara ya kwanza, aliona miguu yake tu. Alikuwa amekwenda Adungosi na wazee wake kuposa. Akainamisha uso kama anayetafuta sindano sakafuni, na miguu miwili yenye nyufa ikapita upesi kuelekea jikoni. Huyo ndiye mama mkwe wake.

Kwa Wateso wa huko, mkwe na mama mkwe hawakutani uso kwa uso, wala hawaitani. Wakionana njiani, mama hukwepa. Kwenye vijia vya mashambani haikuwa taabu. Taabu ilikuwa lami.

Asio alikuwa mjane, amelea watoto wake kwa kuuza ulezi. Kila siku ya soko alijitwika kapu akaenda Malaba kwa miguu, akifuata ukingo wa kushoto, magari yakimjia mgongoni. Shingo yenye mzigo haigeuki. Na mwaka huo wa sabini na saba, kwa ajili ya kahawa ya magendo iliyovushwa mpakani, malori yalikimbia barabara ile kama yanafukuzwa.

Oluka naye aliishi Malaba na kulima Adungosi, basi walikutana tu. Asio akimwona, alikata barabara papo hapo. Mara moja lori lilimpita karibu hata upepo wake ukamvua leso. Tangu hapo Oluka hakupata usingizi. Aliona atamuua mama wa watu kwa kutokea tu mbele yake.

Akajaribu kuvuka yeye kwanza. Wakavuka wote wawili, wakakaribia kugongana upande wa pili. Akol, mkewe, alicheka akashika mbavu.

"Mwanamume mzima anatoroka mama yangu!"

"Simtoroki yeye," Oluka akasema. "Naogopa siku moja nitakuletea maiti yake."

Akol akaacha kucheka.

Ikawa Oluka anapita ndani ya mahindi, amejikunja kama mwizi. Lakini mahindi yalivunwa, na asubuhi moja kwenye kona akatokeza, na Asio huyu hapa. Nyuma yake lori lilikuwa linateremka kilima. Asio alishamwona mkwe wake. Mguu mmoja ulikuwa tayari kwenye lami.

Oluka, ambaye hata sokoni alinong'ona bei, alipiga ukelele:

"Mama! Simama! Lori!"

Asio aliganda kwa mshtuko wa kuitwa. Lori likapita, honi ikilia, na kapu likaanguka, ulezi ukamwagika kote. Oluka akampa mgongo haraka. Nyuma yake alisikia mwanamke akihema, kisha mikono ikikwangua ulezi changaraweni.

Asio aliishi miaka mingi baada ya hapo, akafa kitandani mwake, na hakumsemesha Oluka tena. Asubuhi ile tu ndiyo aliyosema naye, bila kugeuka:

"Mkwe wangu, siku ya soko pita njia ya mtoni, hata kama ni mbali. Hapa barabarani siwezi kuchunga wewe na lori pamoja."