Tofali Lenye Dole Gumba la Baba

Mvua inapoanza kunyesha hapa Kasongo, matofali ya zamani hunukia kabla ya ardhi. Nilizoea kukaa kibarazani, macho nimeyafumba nusu, nikiisikia harufu hiyo ikitoka kwenye rundo langu, hata siku zikanichanganyikia: leo, juzi, utoto wangu.

Watu walinicheka. Wenzangu wanachimba dhahabu, mimi naokota matofali! Sikuwajali, ingawa mara nyingine niliwajibu vibaya. Marehemu baba alikuwa fundi wa kufyatua matofali. Kila fundi alitia alama yake kwenye tofali bichi ili kazi yake ijulikane. Baba alibonyeza dole gumba la kulia, ambalo panga lilikuwa limelikata ncha. Picha yake hatuna. Nyumba iliungua wakati wa vita, pamoja na vyote vilivyokuwamo.

Basi kwa miaka nilizunguka na pikipiki, Kabambare, Nyangwe, kila palipoanguka ukuta wa zamani. Vidole vya watu wengi niliviona. Cha baba sikukiona.

Siku moja, huko Wamaza, nyuma ya bohari ya pamba iliyobomoka, nilimkuta bibi mmoja amezuia mlango wake kwa tofali. Nikaligeuza. Alama ilikuwa nene, fupi, haina ncha. Nikaweka dole gumba langu juu yake, nikalia mbele ya mtu nisiyemjua.

"Beba tu, mutoto yangu," akasema. "Kwangu iko ya kuzuia mulango."

Nikalileta nyumbani, nikaliweka juu ya rundo, nikaenda shambani siku mbili. Niliporudi, kona yenye alama haikuwapo. Mke wangu, mwenye mimba ya miezi saba, alikuwa ameketi pale, midomo imejaa vumbi jekundu. Wanawake wetu wenye mimba hutafuna udongo; nilijua hilo tangu zamani, wala sikulifikiria.

Nilifoka mpaka majirani wakatoka nje. Yeye alingoja nimalize.

"Mvua ilinyesha, ikanukia," akasema. "Sikuangalia ni gani. Ni mutoto alitaka."

Nikaketi kando yake. Nikalitazama tumbo lake. Kisha nikaleta nyundo, nikavunja lililobaki vipande vidogo vidogo, nikamwekea mapajani.

"Maliza yote," nikamwambia. "Mutoto asipate babu nusu."