Suruali Iliyotangulia Ukweni

Nimezunguka nchi hii kwa malori, kwa treni na kwa miguu, na nikiketi na watu huwa nasimulia safari zote isipokuwa ile moja ya angani, maana hata sasa, na miaka yangu arobaini na ushee, nikiikumbuka masikio yanapata moto.

Ilikuwa miaka ile ya mashamba ya ujamaa. Nilikuwa nimemaliza sekondari, nikapata kibarua cha kujaza dawa kwenye ndege ya Bwana Niko, Mgiriki mzee aliyerusha ndege katika vita vya Hitler na sasa ananyunyizia mashamba ya tambarare ya Mombo. Ndege yenyewe ya zamani, mabawa yamepandana kama vitanda vya bweni, na haina paa (ukikaa, kichwa chote kiko nje).

Wakati huo nilikuwa nimepeleka posa Malindi (ile ya milimani, si ya pwani) kwa Mzee Yonatani, baba yake Eliza, na jibu halijatoka, kwa kuwa mzee alikuwa bado anaulizia kama mimi ni kijana mwenye adabu au mzururaji tu. Basi Bwana Niko aliposema anakwenda kuijaribu injini na kiti cha mbele ni kitupu, nikamwomba tupite Malindi, mkwe anione. Nikakimbia kuvaa koti na suruali ya mjomba (mjomba mnene, mimi ufito), nikaikaza kiunoni kwa tai.

Alinionya jambo moja tu. "Mkanda usifungue, hata ukimwona Mungu."

Tukaipanda milima, meno yakigongana kwa baridi, na kufika Malindi kijiji kizima kiko kwenye shamba la ujamaa kinapalilia maharage. Bwana Niko akashusha ndege mpaka nikamtambua Mzee Yonatani na jembe lake, mama mkwe pembeni. Sasa mimi nimelelewa, mkubwa haamkiwi umeketi, na kumpita mkwe juu ya kichwa nimekaa kitako kama chifu ingekuwa ndiyo mwisho wa posa. Nikafungua mkanda, nikasimama juu ya kiti, nikashika waya wa bawa, nikavua kofia ya ngozi aliyoniazima Bwana Niko na kupaza sauti, "Shikamoo baba! Shikamoo mama!"

Upepo ukaingia kwenye koti, ukateremkia kwenye suruali, ikatuna, tai ikafunguka, na kabla sijaiwahi (mkono mmoja una kofia, wa pili umeshika uhai wangu) suruali ikanivuka, ikashuka polepole ikipiga hatua hewani mpaka miguuni pa mama mkwe. Nikabaki na kaptula ya ndani aliyonishonea mama kwa mfuko wa unga, maandishi yote nyuma. Mama mkwe akajifunika uso kwa kanga. Wengine hawakujifunika.

Tulipotua, Bwana Niko akazima injini kwanza. "Vitani nilipigwa risasi, nikatulia," akasema. "Leo nimetetemeka."

Nikajificha nyuma ya mapipa ya dawa, nikipanga kutorokea Tanga, hadi balozi wa nyumba kumi wa Malindi akateremka kwa basi na suruali imefuliwa, imepigwa pasi. Nikamwamkia nimesimama, mikono yote miwili kiunoni.

"Mzee anasema shikamoo yako hakuisikia, injini ilipiga kelele," akasema. "Ila ameona umesimama. Uje uitoe tena, kwa miguu, na utafute mkanda wa ngozi."

Eliza ni mke wangu hadi leo, na mama yake bado ananiitikia kutoka ndani ya kanga, mabega yakimtikisika. Mimi nikiwa kwenye lori na kumwona mzee kando ya njia, natazama upande wa pili. Aniite mkosa adabu, sawa tu.