Mwalimu Aliyemimina Kahawa Mkobani

Mvua ya kwetu Izimbya haikuwa na adabu. Ikishapiga bati za darasa, hakuna aliyemsikia mwenzake. Walimu wengine walikaa mezani wakisubiri iishe. Mwalimu wetu wa darasa la sita yeye alizunguka dawati kwa dawati, akiinama na kutufundisha hesabu za sehemu sikioni, mmoja mmoja. Hesabu sikuzipenda hata kidogo, lakini nilisubiri zamu yangu kwa hamu. Nilimpenda yule mama, basi, sioni sababu ya kuzungukazunguka.

Alitoka Singida. Kwetu mtu wa namna hiyo ni mnyamahanga, mtu wa kuja, hata akae miaka mingi, na sisi watoto tulimcheka chinichini kwa sababu hakujua kumenya ndizi. Nusu ya ndizi ilikwenda na maganda. Alijua tunamcheka. Siku moja akaja darasani na kisu na ndizi mbichi, akasema, "Nifundisheni basi." Tukamfundisha, na hakujua vilevile.

Mwaka huo shangazi yangu alikuja kutoka visiwa vya Muleba, alikokuwa akiwapikia wavuvi. Alitaka msichana wa kumsaidia, na baba alikubali kunitoa shule. Kusoma nilijua, kuandika nilijua, nilitaka nini zaidi? Nililia shuleni, mwalimu akaniuliza, nikamwambia. Jioni ileile akaja nyumbani, viatu mkononi, miguu imejaa tope.

Baba alikuwa mzee wa kanisa, na hakupenda kuambiwa la kufanya na mtu yeyote, sembuse mwanamke, sembuse wa Singida. Hata hivyo alimkaribisha vizuri. Akanituma nilete kikapu kidogo cha emwani, zile buni tunazochemsha na kukausha, ili mgeni achukue chache atafune mazungumzo yakianza. Mwalimu alikipokea kwa mikono miwili, akashukuru sana. Kisha akafungua mkoba wake, akamimina kahawa yote, akanirudishia kikapu kitupu.

"Nitaisaga nyumbani," akasema. "Nitakunywa wiki nzima."

Nilitamani ardhi inimeze. Shangazi akatazama pembeni. Baba alimkazia macho mgeni wake, halafu akaangua kicheko ambacho sikujua kama anacho.

"Mwalimu waitu! Hiyo inatafunwa! Hapa hapa!"

Mwalimu naye akacheka mpaka machozi. Akapekua mkoba, akatoa buni chache zilizoshika vumbi la chaki, akazitafuna huku amekunja uso. Na kabla kicheko hakijaisha vizuri akasema, "Mzee, mtoto huyu niachie amalize shule."

"Na mimi nitasaidiwa na nani?" shangazi akadakia. "Wale wavuvi wanakula kila siku, hawasubiri mtihani."

Baba akaacha kucheka. "Nitazungumza na dada yangu," alisema tu. Mwalimu akaaga, akaondoka bila jibu. Nilimchukia baba usiku ule, na nilipomsikia alfajiri akizungumza na shangazi uani, nilijua nimekwisha.

"Ametafuna kahawa ndani ya nyumba yangu," baba alikuwa akisema. "Huyo si mgeni tena. Nitamwambiaje hapana? Dada, tafuta mtu mwingine."

Shangazi alinuna, akafunga mizigo yake, akaenda zake peke yake. Mama aliingia chumbani akanirushia sare, na niliona anatabasamu. Nilikimbia njia nzima na bado nilichelewa. Nikajipenyeza kwenye dawati la nyuma mwalimu akiwa ameinamia daftari la mahudhurio.

Jina langu lilikuwa katikati. Alilipita. Akaita wengine wote mpaka wa mwisho, ndipo akarudi akaliita, taratibu, bila kuinua macho.

"Nipo, mwalimu."

Akaliita tena, sasa akiwa ameinua macho.

"Nipo."